Nina milioni tatu za mchezo: ninunue mkoba gani wa kwanza wa maana?

Mama, shikamoo.

Nina miaka 31, naishi Tabata na ofisi yangu iko Posta. Mwezi wa tatu nilipandishwa cheo, sasa nakaa vikao vya wakubwa, na wengi wao ni kinamama wenye mikoba ambayo ukiiona tu unajua ina jina. Mimi maisha yangu yote nimebeba pochi za Kariakoo za elfu arobaini, hamsini. Ikichakaa natupa, nanunua nyingine.

Mwaka jana nikasema na mimi nijitunze. Nikampata muuzaji mtandaoni, picha safi, wateja wanamsifu. Akaniambia mzigo ni orijino, una boksi, mfuko wake wa kitambaa na kadi ya uthibitisho. Ulikuwa Louis Vuitton, ule wa kahawia wenye herufi na maua. Nikatuma laki nane na nusu. Miezi minane tu, Mama. Siku hiyo niko kikaoni, naona chembe za kahawia kwenye sketi yangu ya krimu. Nikadhani majani ya chai. Kumbe ni mkoba! Mkono wake umebabuka, nikigusa unabanduka kama bega la mtu aliyeungua na jua. Dada aliyekuwa kando yangu aliona, akageuza macho. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipompigia muuzaji alisema mimi ndiye sikuutunza, kisha akanifungia, sipati tena kumwandikia.

Mwezi huu ni zamu yangu ya mchezo, napokea milioni tatu. Mamdogo anakaa Dubai, anakuja Desemba na yuko tayari kuninunulia kitu. Nimekwama kati ya mambo matatu. Kuna muuzaji mwingine ana kopi ya daraja la kwanza kwa laki tisa, anaapa hata wenye duka hawawezi kuitofautisha. Kuna rafiki wa mamdogo anauza Louis Vuitton yake halisi aliyoitumia miaka mingi, anataka karibu milioni tatu yote. Na mamdogo mwenyewe anasema niachane na hayo, aniletee mkoba wa ngozi wa jina la kati, kama Coach. Mimi naogopa nitaonekana nimekwenda mbali na kurudi na kitu cha kawaida.

Mchumba wangu anasema milioni tatu ni msingi wa kiwanja chetu cha Chanika. Tumenuniana wiki nzima. Nifanyeje? Na ule wa zamani unatengenezeka?

Mwenye mkoba uliobabuka, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na zile chembe za kwenye sketi, maana naona bado zinakuuma, na muuzaji amekubebesha kosa lisilo lako.

Ile ilikuwa plastiki. Mkono wa mkoba wako ulikuwa kitambaa kilichopakwa utando wa poliyurethani juu, ukapigwa chapa ya vinyweleo ili ufanane na ngozi. Utando huo una adui mmoja mkubwa, unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani yanauvunja polepole kutoka ndani, joto linaharakisha, na siku moja unaanza kumeguka. Dar es Salaam ina vyote viwili mwaka mzima, sawa na Tanga, Mombasa na Unguja. Hata ungeuweka kabatini ukaufunika kwa foronya, ungebabuka vilevile. Ngozi ya mnyama haifanyi hivyo. Inakwaruzika, inafifia, ikinyimwa mafuta inapasuka, lakini ngozi nzuri haimwagi unga hivyo baada ya miezi minane.

Na kadi ya uthibitisho uliyopewa ndiyo ingekustua. Louis Vuitton hawatoi kadi ya namna hiyo. Zamani walikuwa wanapiga msimbo wa herufi na tarakimu ndani ya mkoba, kuonyesha kiwanda na wakati ulipotengenezwa, na tangu 2021 wanaweka chipu ndogo isiyoonekana. Muuzaji anayekuonyesha kadi yao anakuonyesha kitu kilichochapishwa na mwenye kopi.

Sasa nikuambie ninakotoka, ujue kwa nini jambo hili nalijali. Baba yangu alikuwa fundi wa viatu na mikoba Tanga, kwenye zile barabara za namba. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kupaka uzi nta. Yeye alishona kwa sindano mbili na uzi mmoja, sindano moja inaingia kulia na nyingine kushoto, kwenye tundu lilelile, kisha anavuta mikono yote miwili kwa pamoja mpaka uzi ulie. Cherehani haiwezi kushona hivyo. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazonasana katikati, na kishono kimoja kikikatika vingine vinaanza kufumuka nyuma yake. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, vishono vya jirani vinabaki vimeshika. Ndiyo mshono wa hatamu na matandiko ya farasi, na Hermès, walioanza Paris mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu, wanautumia mpaka leo kwenye mikoba inayouzwa bei ya nyumba. Mimi niliuona Barabara ya Kumi na Mbili kwenye mkoba wa mkunga.

Nakwambia haya ili uone kwamba ubora wa mkoba unaonekana kwa macho na unashikika kwa mkono. Jina haliwezi kukukagulia. Mwezi Juni 2024 mahakama ya Milan, Italia, iliweka kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba chini ya msimamizi wa mahakama kwa muda. Waendesha mashtaka walieleza kwamba karakana ndogo iliyopewa kazi ililipwa euro 53 kuunda mkoba mmoja, bila kuhesabu ngozi na malighafi nyingine, na mkoba huohuo dukani ulikuwa euro 2,600. Sisemi mkoba ule ni mbovu. Nasema bei kubwa peke yake haikuambii nani ameushona wala kwa ngozi gani, kwa hiyo lazima ujue kutazama mwenyewe kabla hujatoa hela ya mchezo.

Tuje kwenye yako matatu.

Kopi ya laki tisa, iache. Sitakudanganya kwamba kopi zote ni plastiki, zipo zilizoshonwa kwa ngozi kweli na mkono wa fundi mzuri. Lakini wewe hutajua umepewa ipi, maana anayekuuzia amekwisha kukubali kukudanganya kuhusu jina. Atakuambiaje ukweli kuhusu ngozi? Ikiharibika huna pa kuirudisha, kama ulivyoona. Tume ya Ushindani hapa kwetu hukamata bidhaa za namna hii na kuziteketeza, na ukisafiri nayo Ufaransa au Italia forodha wanaweza kukunyang'anya na kukutoza faini. Kwa laki tisa fundi wa ngozi wa hapahapa nchini anakushonea mkoba wa ngozi ya ng'ombe kwa kipimo chako, na chenji inabaki.

Louis Vuitton ya rafiki wa mamdogo inahitaji mazungumzo marefu kidogo, kwa sababu nahisi huko ndiko moyo wako uliko. Kwanza ujue unachonunua. Lile turubai la herufi na maua, lililobuniwa 1896 na Georges, mtoto wa Louis, si ngozi. Ni kitambaa cha pamba kilichopakwa utando wa plastiki, tena utando mzuri sana, usiopitisha maji na wenye kudumu miaka na miaka. Sehemu ya ngozi ni mikono na pembeni tu, na ni ngozi ya ng'ombe isiyopakwa kitu juu. Inaanza na rangi ya uji wa mtama mwepesi, kisha jua na mafuta ya mikono vinaipeleka kwenye rangi ya asali, na baadaye kahawia. Tone la mvua likiidondokea linaacha doa. Sasa fikiria masika, unashuka kwenye bajaji Tabata, mkono mmoja mwavuli, jasho, losheni. Ndani ya mwaka mmoja mikono ile itakuwa nyeusi mahali unaposhika. Wapo wanaoipenda rangi hiyo kwa sababu inaonyesha mkoba umeishi. Kama wewe itakuumiza roho, bora ujue leo.

Pili, mkoba wenyewe umetumika miaka mingi. Ukiamua kuutaka, mwambie mamdogo aingize vidole kwenye mifuko ya ndani kabisa, abonyeze bitana, kisha asugue kidole na gumba. Mikoba ya zamani ya majina makubwa, hasa ya miaka ya 1990, baadhi ilikuwa na bitana ya plastiki ambayo sasa inanata kama gundi, na joto la huku linazidisha. Bitana ikinata, mkoba huo unahitaji kubadilishwa tumbo lote, kazi ya gharama. Aangalie pia mahali mkono unapoungana na mwili wa mkoba, kama kuna mpasuko kama wa kisigino kikavu. Na aombe risiti ya kwanza. Rafiki huyo akisema alinunua Karama, mtaa wa hukohuko Dubai, aage kwa adabu aondoke, maana Karama imejulikana miaka mingi kwa nakala.

Hata vyote vikiwa salama, mimi nisingetoa milioni tatu yote. Utabaki na mkoba mmoja unaouogopa, usioweza kuuweka chini wala kuupakata kwenye daladala, na mfukoni huna kitu. Mkoba wa kwanza wa maana unatakiwa kubebwa kila siku, ukufundishe mwili wako unataka nini. Kamba ndefu au fupi? Zipu juu au mdomo wazi? Unabeba kompyuta au simu na lipstiki tu? Hayo huwezi kuyajua kwa kutazama picha.

Kwa hiyo niko upande wa mamdogo. Coach si jina la kuonea haya. Walianza 1941 kwenye karakana ndogo Manhattan, New York, na ngozi iliyowapa sifa waliibuni kwa kutazama glavu ya besiboli, namna inavyozidi kulainika na kupendeza kadiri inavyotumika. Mikoba yao mingi ya ngozi iko kati ya dola 300 na 600, yaani hata nusu ya hela yako haiishi, au inaishia hapohapo. Ila mamdogo aende duka lao kuu, si lile la punguzo. Maduka ya punguzo, na Dubai nako yapo, huuza mikoba mingi iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake, yenye ngozi nyembamba na vyuma vyepesi, yenye jina lilelile. Watu wanadhani ni mabaki ya duka kuu.

Akiwa dukani akupigie simu ya video, mkague pamoja. Abonyeze ngozi kwa kidole gumba. Ngozi nzuri inakunjana mikunjo midogo kuzunguka kidole na kurudi taratibu, plastiki inazama na kuruka. Asogeze kamera karibu na vinyweleo. Vya ngozi havilingani, vingine vimesongamana, vingine vimetawanyika, kama ngozi ya mkono wako. Ukiona vimepangana kwa mstari unaojirudia, hiyo ni chapa ya mashine. Chapa ya mashine siyo lazima iwe plastiki. Prada wanapiga mistari yao ya kukatizana juu ya ngozi halisi ya ndama, inakuwa ngumu kukwaruzika. Ila muuzaji akitumia neno "ngozi halisi" na kuishia hapo, muulize ngozi ya tabaka gani. Ngozi ya ng'ombe hupasuliwa matabaka. La juu ndilo lenye nyuzinyuzi zilizosukana na ndilo lenye nguvu. La chini ni kama sufi iliyogandamizwa, hupakwa rangi nzito au plastiki ndipo lifanane na la juu, na kisheria linaweza kuitwa ngozi halisi vilevile.

Kisha kingo. Hapa ndipo mimi natazama kabla ya kitu chochote, ni tabia ya dukani kwa baba. Geuza mkono wa mkoba uangalie pale ngozi mbili zilipounganishwa. Ukingo mzuri umepakwa rangi zaidi ya mara moja, ukapigwa msasa katikati, mpaka umekuwa mviringo na laini kama ukingo wa kikombe. Ukingo mbaya una rangi nene kama lami, ukiukunja unapasuka, na huo mpasuko wa dukani mwezi wa sita unakuwa ufa.

Zipu aifungue na kuifunga kwa mkono mmoja, hasa kwenye kona. Ikikwama mkoba ukiwa mtupu, ukijaa itakukwamisha kwenye foleni ya benki. Vyuma avipime kwa sumaku ndogo, hata ile ya kubandikwa kwenye friji. Shaba na zinki hazivutwi. Kikivutwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, na kwa hewa ya bahari kutu haitachelewa. Shaba ni nzito kuliko zinki na haivunjiki upesi, lakini usitafute mkoba uliojaa shaba mpaka hata ukiwa hauna kitu ndani unachosha bega. Auvae begani dakika kumi akiendelea kuzunguka dukani. Watu hawafanyi hivi, halafu mkoba wa laki kumi unakaa kabatini kwa sababu ya kamba inayoteleza.

Rangi chagua nyeusi au kahawia iliyokolea, ngozi yenye vipele vidogo, si laini kabisa. Ngozi laini ya mwanakondoo, ile wanayoitumia Chanel kwenye mikoba yao iliyoshonwa kama vimito vidogo, ni raha kuigusa lakini kucha tu inaiachia alama. Wewe unapanda bajaji. Kwa siku za mvua kubwa ukitaka kitu cha pili, Longchamp wana mkoba wa nailoni unaokunjwa, walioutoa 1993, bei yake ni ya chini kwa jina la Kifaransa, na kompyuta inaingia. Nao una kasoro yake, utando wa ndani huweza kubanduka kwenye joto ukikunjwa muda mrefu. Usiuweke umekunjwa.

Kuhusu watu kutojua jina. Mwanangu, yule dada aliyegeuza macho kikaoni hakusoma jina, aliona chembe kwenye sketi. Kinamama unaokaa nao, wale walioshika mikoba mizuri miaka mingi, wataitambua ngozi nzuri ikiwa mezani bila herufi hata moja. Na wasipoitambua, kikao kitaendelea.

Mchumba wako nae ana hoja, usimnunie. Mwambie mkoba utakula milioni moja na nusu, basi, na inayobaki yote inakwenda Chanika kabla hujaizoea mkononi. Mpe risiti aione. Nadhani kilichomchoma ni kusikia milioni tatu zote bila kuulizwa.

Ule uliobabuka hautengenezeki. Usipoteze hela kwa fundi atakayekuahidi kuupaka rangi, utando ukishaanza kuvunjika unaendelea chini ya rangi. Fungua vyuma vyake kama viko vizima umpe fundi viatu wa mtaani, atavitumia, uliobaki utupe.

Na huu mpya ukifika, usiuhifadhi kwenye mfuko wa nailoni, utaota ukungu. Ujaze kanga kuukuu ili mkoba usilale kifudifudi, uuvike foronya ya pamba, utupie ndani vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukiona ukungu, ufute kwa kitambaa kikavu, uuweke kivulini penye upepo, kamwe si juani. Mamdogo mwambie asiutie kwenye sanduku la kupakiwa chini ya ndege. Auvae begani mwenyewe, na risiti iwe kwenye pasipoti yake.